Bashasha ya Mtangazaji na Mfuko wa Mtazamaji

Katika manung'uniko yote ambayo watazamaji wa televisheni huwapelekea wahariri, hapana yaliyo magumu kujibiwa kuliko yale yahusuyo habari za fedha, kwa sababu mnung'unikaji aghalabu hawezi kulionyesha kidole neno lililomkera. Katika habari za siasa kazi ni nyepesi: mgombea huyu kapewa dakika nyingi, yule kapewa chache, na saa ya ukutani ni shahidi. Bali katika habari za soko la hisa, za riba, za thamani ya sarafu na za bajeti, tarakimu huwa sahihi, majina huwa sahihi, chanzo hutajwa, na bado mtu hubaki kitini pake akihisi kwamba ameelekezwa mahali ambapo hakukusudia kwenda. Akiulizwa ni nini hasa kilichomuudhi, husema tu, "Ni vile alivyosema." Wahariri huyapuuza malalamiko ya namna hii. Mimi nayaona kuwa yana haki kuliko mengine yote, na nakusudia kuyatetea, maadam upendeleo katika habari za mali huishi zaidi katika sauti kuliko katika maneno, na sauti hiyo huufuata mfuko wa yule ambaye mtangazaji amemdhania kuwa ndiye anayemsikiliza.

Kisa kinachostahili kutangulizwa ni cha Uingereza, kwa kuwa huko hoja hii ilifikishwa mpaka bungeni. Jioni ya tarehe 13 Septemba 2007, mhariri wa habari za biashara wa BBC, Robert Peston, alitangaza kwamba benki ya Northern Rock, iliyokuwa na makao yake katika jiji la Newcastle, imeomba msaada wa dharura kwa Benki Kuu ya nchi hiyo. Benki hii ilikuwa imeijenga biashara yake ya mikopo ya nyumba si juu ya amana za wateja tu, bali zaidi juu ya fedha za kukopa kwa muda mfupi katika masoko ya dunia. Na masoko hayo yalipojifunga mwezi wa Agosti kwa hofu ya mikopo mibovu ya nyumba za Marekani, ikabaki haina pa kuchota. Habari ilikuwa ya kweli. Asubuhi yake watu wakapanga foleni nje ya matawi, na kwa makisio yaliyotolewa wakati huo, siku ile moja zilitolewa pauni zipatazo bilioni moja. Foleni zilipungua tu baada ya Jumatatu tarehe 17, Waziri wa Fedha, Alistair Darling, alipoweka dhamana ya serikali juu ya amana zilizokuwamo katika benki hiyo. Mwezi wa Februari uliofuata serikali ikaitwaa benki yenyewe.

Lawama zikaanza, na nyingi zikamwangukia mleta habari. Peston ana namna yake ya kusema: huvuta silabi, hukatisha sentensi mahali usipotarajia, kisha huliachia neno la mwisho kwa uzito mkubwa, nayo ni namna ambayo baadhi ya watazamaji waliipenda na wengine iliwakera mno. Waliokereka walisema kwamba mtu yule ametangaza msiba ilhali mgonjwa bado yu hai. Waliompenda walisema kwamba laiti asingesema, wenye fedha nyingi wangalijua kwanza na kutoka kimyakimya kwa mlango wa nyuma, na mjane mwenye akiba yake ya uzeeni angalikuwa wa mwisho kuambiwa. Mwezi wa Februari 2009 kamati ya bunge ishughulikiayo hazina ilimwita yeye na waandishi wengine wa habari za fedha kuwahoji juu ya wajibu wao katika msukosuko ule wa mabenki, na katika mahojiano hayo swali la kama waandishi waliuchochea moto au waliuripoti tu lilikuwa miongoni mwa yaliyoulizwa.

Sasa tuitazame hesabu ambayo ilikuwa mezani. Sheria ya Uingereza ya wakati ule ilimhakikishia mwekaji amana pauni 2,000 za kwanza kwa ukamilifu, na asilimia 90 ya pauni 33,000 zinazofuata, basi. Maana yake ni kwamba mtu aliyeweka pauni 60,000, akiba ya maisha mazima, alikuwa na uhakika wa pauni 31,700 tu, na zilizobaki alizikabidhi kwa rehema ya wafilisi. Mtu huyo aliposimama katika foleni hakuwa na wazimu wala hakutiwa wazimu na mahadhi ya sauti ya mtu yeyote. Alikuwa amepiga hesabu yake vizuri kuliko mamlaka zilizokuwa zikitamka siku ile ile kwamba benki inajiweza. Kwa hiyo mimi, kama ningekuwa hakimu, ningemwachilia Peston. Sauti yake ilikuwa nzito kwa kuwa jambo lilikuwa zito. Ambaye singemwachilia upesi ni mpiga picha, au tuseme yule mhariri aliyeketi nyuma yake, kwa kuwa picha ya foleni ilirudiwa asubuhi, adhuhuri na jioni, na juu ya picha hiyo hiyo wakasomewa watu maneno ya kuwataka watulie. Jicho na sikio vikipewa habari mbili zinazopingana, jicho hushinda, na kila mwenye kushughulika na televisheni analijua hili hata kama hatalikiri mbele ya kamati.

Miezi minne kabla ya mkasa huo, yaani Mei 2007, ilikuwa imetolewa taarifa moja ambayo naiona kuwa ina maana kubwa kuliko zogo lote la Northern Rock, ingawa haikuzungumzwa hata robo yake. Baraza la wadhamini wa BBC lilikuwa limeunda jopo chini ya mchumi Sir Alan Budd, kuchunguza kama habari za biashara za shirika hilo zinatolewa kwa insafu. Wenye makampuni walikuwa wakilalamika kwamba wanasawiriwa kama wezi. Jopo halikuona upendeleo wa makusudi dhidi yao. Liliona kwamba kwa jumla kazi inafanywa inavyopasa. Walakini liliona jambo ambalo halikutazamiwa na wengi: kwamba habari za biashara zilikuwa zikimtazama mtu karibu siku zote kama mnunuzi, mwenye kutafuta bei nafuu na kuchukia kupunjwa, na mara chache zilimtazama kama mfanyakazi, ilhali Waingereza milioni 29 hivi walikuwa wakitoka asubuhi kwenda kazini na kutumia huko sehemu kubwa ya saa wanazokuwa macho. Hapana aliyeamuru iwe hivyo. Watangazaji walimdhania tu msikilizaji kuwa yuko dukani, wala hawakupata kumdhania kuwa yuko kiwandani, na kutokana na dhana hiyo isiyosemwa yakafuata yote: habari zipi ziwe njema, zipi ziwe mbaya, lini atabasamu na lini akunje uso. Bei ikishuka, bashasha. Wale waliopunguzwa kazi ili bei ishuke walikuwa katika habari nyingine, ya saa nyingine.

Huko Marekani hawakujisumbua kuficha mfuko wanaousemea. Idhaa ya CNBC, iliyoanza mwaka 1989, ina kipindi cha Jim Cramer ambamo bwana huyo hupiga kelele, hurusha vitu, na hubonyeza vitufe vitoavyo milio ya kila aina, na watu wazima wenye akili zao humtazama jioni hadi jioni. Tarehe 11 Machi 2008 alisoma swali la mtazamaji aliyetaka kujua kama aiogope benki ya uwekezaji ya Bear Stearns na kuziondoa fedha zake huko. Cramer alijibu kwa ukelele kwamba la, benki iko salama, na kuondoa fedha ni ujinga. Hisa za Bear Stearns siku hiyo zilikuwa zikiuzwa zaidi ya dola 60 kila moja. Tarehe 16 ya mwezi huo huo ilikubaliwa iuzwe kwa JPMorgan kwa dola 2 kwa hisa, bei ambayo baadaye ilipandishwa ikawa 10.

Utetezi wake unastahili kusikilizwa. Alisema kwamba muulizaji hakuuliza juu ya hisa, bali juu ya fedha zilizowekwa katika akaunti yake kwa wakala huyo, na ni kweli kwamba akaunti za wateja hazikupotea. Kwa kipimo cha maneno, basi, Cramer alisema sawa. Lakini nani kati ya waliomsikia jioni ile, akiwa na hisa za Bear Stearns, angepambanua akaunti na hisa katikati ya makelele yale? Neno lilikuwa na maana nyembamba, sauti ikawa na maana pana, na watu wakaifuata sauti. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 12 Machi 2009, mchekeshaji Jon Stewart alimkaribisha katika kipindi chake akamsuta mbele ya hadhara, yeye na idhaa nzima, kwa kulifanya soko kuwa mchezo ilhali fedha zinazochezewa ni akiba za uzeeni za watu. Na kipindi kile cha vichekesho kikawa kimefanya kazi ambayo wahariri wa habari walistahi kuifanya.

Kabla ya hapo, tarehe 19 Februari 2009, mtangazaji mwingine wa idhaa hiyo, Rick Santelli, akiwa amesimama katika ukumbi wa soko la bidhaa la Chicago, aliushambulia kwa hasira mpango wa Rais Obama wa kuwasaidia wenye nyumba walioshindwa kulipa mikopo, akawageukia wachuuzi wa soko waliomzunguka na kuwauliza nani kati yao ataka kulipa deni la jirani yake. Wakamshangilia. Si ajabu, kama angesimama mbele ya nyumba iliyotiwa mnada huko Detroit na kuuliza swali lile lile, angezomewa. Hapo ndipo mahali pa kusemea panapoonyesha nani anayesemewa, hata kabla mtu hajafungua kinywa.

Wala asidhani mtu kwamba kelele hizi hupotelea hewani. Wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Emory, Jeffrey Busse na Clifton Green, walichapisha mwaka 2002 uchunguzi wao wa vipindi vya asubuhi na adhuhuri vya idhaa hiyo hiyo, wakaona kwamba bei ya hisa iliyotajwa kwa sifa huanza kupanda katika muda wa sekunde chache, na kwamba baada ya dakika moja hivi faida imekwisha kuchukuliwa na wenye mitambo na mikono myepesi. Mtazamaji wa kawaida, ambaye bashasha yote ile ilikuwa kama kwa ajili yake, hufika shamba limekwisha kuvunwa.

Hapa kwetu hatuna Cramer, na tumshukuru Mungu. Habari zetu za fedha ni fupi, nyingi huja mwishoni baada ya siasa na kabla ya michezo, na mtangazaji huzisoma kwa haraka. Lakini mfuko wa kudhaniwa uko pale pale. Chukua habari ya shilingi ya Kenya. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilikuwa ikinunuliwa kwa shilingi 160 na zaidi. Mwezi wa Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 katika soko la nje ili kulipa sehemu ya deni la dola bilioni 2 lililokuwa likiiva Juni, hofu ikatulia, na kabla ya nusu ya mwaka kupita dola ikarudi kwenye shilingi 130 au chini yake kidogo. Habari hizi zilipokelewa kwa furaha, na furaha ilikuwa na sababu: mafuta huagizwa kwa dola, mbolea huagizwa kwa dola, madeni ya serikali mengi ni ya dola, na mfanyabiashara wa soko la Gikomba alipumua.

Lakini mnada wa chai wa Mombasa nao hufanywa kwa dola. Mkulima wa Kericho au wa Nyeri, ambaye majani yake yamepata bei ile ile mnadani, hurudishiwa shilingi chache kuliko awali kwa kila kilo, na mbolea aliyotumia alikwisha kuinunua wakati dola ikiwa juu. Na yuko mama wa Kibokoni, Mombasa, mwenye kijana afanyaye kazi Maskati. Riali ya Oman imefungwa kwa dola kwa kiwango hiki hiki tangu miaka ya 1980, kwa hiyo riali 50 ni dola 130, zikipungua au kuzidi senti tu. Kwa bei ya Januari mama huyu alipokea shilingi 20,800; kwa bei ya katikati ya mwaka alipokea 16,900, nazo kabla ya ada ya kutuma. Zimepungua shilingi 3,900, na unga, mafuta ya kupikia na karo ya shule havikushuka kwa kipimo hicho, maana wenye maduka hupandisha bei upesi na huteremsha kwa kusitasita. Huyu naye anatazama taarifa ya saa moja usiku. Anamwona mtangazaji akitabasamu kwamba shilingi imeimarika, na anajiuliza yeye ni wa nchi gani.

Tanzania mambo ni yale yale kwa jina la mahindi. Gunia likishuka bei, taarifa husomwa kwa sauti ya nafuu, picha huwa ya soko la mjini, na anayehojiwa huwa mnunuzi mwenye kikapu. Gunia likipanda, sauti hubadilika ikawa ya maombolezo. Ama mkulima wa Sumbawanga au Songea, aliyekopa kwa ajili ya mbegu akavuna, akapata pa kuhifadhi au hakupata, akauza kwa mlanguzi aliyekuja na lori na kipimo chake mwenyewe, huyo kupanda kwa bei ndiko kulikokuwa kusomesha watoto wake, na ameyasikia maombolezo juu ya riziki yake mwenyewe. Hajatukanwa. Hapana neno moja la uongo lililosemwa juu yake. Hakuhesabiwa, basi.

Hata rangi zina mfuko wao, ingawa hili nalitaja kwa kupita tu. Tumezoea kuona hisa zilizopanda kwa kijani na zilizoshuka kwa nyekundu, tukadhani ndivyo maumbile yalivyoamua; kumbe Shanghai na Tokyo ni kinyume, nyekundu ndiyo ya kupanda. Na kote kuwili hapana rangi ya yule asiye na hisa.

Wako watakaosema kwamba dawa ni kukausha sauti: mtangazaji asome tarakimu kama zilivyo, asitabasamu wala asikunje uso, na kila mtu apime mwenyewe. Nimeisikia rai hii mara nyingi kwa watu ninaowaheshimu, na siikubali. Sauti kavu nayo huegemea, aghalabu upande wa mwenye madaraka, kwa kuwa mwenye madaraka ndiye anayependa watu watulie. Kenya iliona benki ya Imperial ikifungwa Oktoba 2015, na kabla miezi sita haijatimia, tarehe 7 Aprili 2016, benki ya Chase ikawekwa chini ya mfilisi baada ya wateja kukimbilia fedha zao, na uvumi wa mitandao ya kijamii ukatajwa kuwa miongoni mwa sababu. Wakati ule bima ya amana ya Kenya ilimlinda mtu kwa shilingi 100,000 tu. Ilipandishwa hadi 500,000 mwaka 2020. Mwenye duka aliyekuwa na shilingi 800,000 za kulipia mzigo bandarini alihitaji kuijua tarakimu hiyo mapema, isemwe wazi, irudiwe, na isemwe kwa uzito unaolingana nayo. Kumsomea kwa utulivu kwamba sekta ya mabenki ni imara kulikuwa kumfanyia upendeleo mtu mwingine kwa gharama yake.

Kwa hiyo siombi mtangazaji awe jiwe. Akifurahi, na aseme anafurahi kwa niaba ya nani. Sentensi moja yatosha: shilingi imepanda, ni nafuu kwa waagizaji na kwa hazina, ni hasara kwa wakulima wa chai na maua na kwa wanaoletewa fedha kutoka ng'ambo. Haizidi sekunde kumi, na taarifa ya habari ina nafasi ya sekunde kumi, maana huipata kila siku kwa ajili ya mambo yenye thamani ndogo zaidi.

Na zaidi ya sauti ya mtangazaji iko sauti ya mgeni wake, ambayo naiona kuwa hatari zaidi kwa kuwa huja imevaa joho la ilimu. Benki Kuu ikibadilisha riba, huitwa mchumi wa benki ya biashara kuja kufasiri. Soko la hisa likitikisika, huitwa wakala auzaye hisa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 iliyozuia riba ya mikopo isizidi pointi 4 juu ya ile ya Benki Kuu, hadi ilipofutwa Novemba 2019, ilikuwa jambo ambalo mwajiri wa mchumi kama huyo alikuwa na fedha nyingi sana za kupata au kupoteza kwalo. Mtazamaji huandikiwa chini ya picha jina lake na cheo chake, kisha huachiwa aone mwenyewe kwamba cheo hicho kina mwenye kukilipa. Huenda mgeni ni mwaminifu kabisa. Wengi ni waaminifu, na baadhi nimejifunza kwao mengi. Lakini swali, "Benki yako itapata nini uamuzi huu ukipita?" linapasa kuulizwa kwanza, mbele ya watu, kwa adabu, na mgeni akijibu ndipo aendelee na hikima yake. Mhariri anayeona haya kumuuliza mgeni swali hilo asimwalike, na kiti chake akipe siku moja kwa mtu wa chama cha ushirika cha Makambako ajuaye gunia liliuzwa kwa ngapi juma lililopita, nani alilinunua, na mwenye shamba alirudi nyumbani na kiasi gani.